Mwaka Niliokunywa Chuma

Shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya Ndhiwa, haikuwa na mambo mengi ya kujivunia. Maabara ilikuwa kabati moja, na kengele ilikuwa rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa kwenye mti. Lakini tulikuwa na timu ya netiboli, na mimi ndiye nilikuwa senta.

Asiyeujua mchezo huo hudhani senta ni mtu wa kusimama katikati. Sivyo. Senta ndiye anayeanzisha mpira, ndiye anayekimbia kutoka upande huu hadi ule, akisaidia kukaba na kusaidia kushambulia, na goli hafungi yeye. Nilikuwa kidato cha tatu, mwembamba mwenye miguu mirefu, na tangu shule ya msingi sikuwa nimekutana na msichana wa kunishinda mbio. Niliupenda mpira ule hadi nilikuwa nikidaka viazi jikoni.

Mwanzo wa mwaka ule, katika ile miaka ya tisini ya mwanzo, tuliletewa mwalimu mpya wa michezo. Alikuwa ametoka chuoni juzi tu, mfupi, mwenye sauti ya kufika hadi barabarani. Tulimwita Madam, kama tulivyowaita walimu wote wa kike. Siku ya kwanza alichora mistari ya uwanja kwa jivu la jikoni, akapuliza filimbi, akatutazama mmoja mmoja.

"Mwaka huu tunafika Homa Bay," akasema.

Tuliangua kicheko. Homa Bay ndiko fainali za wilaya zilikokuwa zikichezwa, na shule yetu haikuwa imewahi kuvuka mashindano ya tarafa. Madam hakucheka. Alituzungusha uwanja ule hadi wengine wakalala chini kwenye nyasi.

Jumatatu moja akaja na mkebe mweupe na chupa kubwa ya plastiki. Ndugu yake alikuwa na duka la dawa huko Kisumu, naye alikuwa amemtumia vitamini kwa ajili yetu. Ndani ya mkebe mlikuwa na vidonge vidogo vyenye harufu ya chachu, vya kumeza. Ndani ya chupa mlikuwa na vidonge vya rangi ya machungwa, vya kutafuna, vitamu na vikali kidogo, vya kukufanya ufumbe jicho moja.

"Wachezaji wa mjini wanakunywa hivi," Madam alituambia. "Kimoja kimoja, baada ya chakula cha mchana. Si peremende."

Siwezi kueleza furaha tuliyokuwa nayo. Sisi tuliokuwa tukila nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, mchana na jioni, tulikuwa sasa na dawa ya wachezaji! Kesho yake kapteni wetu, mfungaji wa magoli na rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, alitoka chooni akipiga kelele.

"Njooni! Njooni haraka! Nimekojoa rangi ya kiini cha yai!"

Tukakimbia sote kwenda kujaribu. Ilikuwa kweli. Siku hiyo choo cha wasichana kilikuwa na foleni na vifijo kama duka lililofunguliwa upya. Tulipomuuliza Madam, alicheka hadi akashika ubavu.

"Ni vitamini iliyozidi. Mwili umechukua unachohitaji, kingine umekitoa."

"Kwa hivyo tunakojoa dawa?" kapteni akauliza kwa masikitiko.

"Kiasi."

Lakini hata hilo halikutuvunja moyo. Wasichana walianza kusema miguu yao imekuwa myepesi. Mlinda goli wetu aliapa kwamba anaruka juu kuliko zamani. Tulikuwa tukifanya mazoezi kila jioni na mwalimu anayejua kazi yake, na bila shaka hilo ndilo lililotufanya tuimarike, lakini nani angetaka kusikia habari ya mazoezi wakati kuna vidonge? Tulivisifu kwa nyimbo. Tulipokwenda kuteka maji tuliimba kwamba gari letu limetiwa petroli.

Mimi niliimba pia, huku nikingoja petroli yangu iingie.

Haikuingia. Tangu Januari nilikuwa nikihisi kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nikikimbia kidogo, moyo ulipiga hadi masikioni. Ncha za vidole zilikuwa baridi hata saa sita mchana. Darasani nilisinzia, na asubuhi niliamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Na nilikuwa na hamu ya odowa iliyokuwa ikinitesa. Odowa ni ule udongo mgumu kama jiwe laini ambao akina mama wajawazito huununua sokoni na kuutafuna. Wasichana wengi walionja, lakini mimi nilikuwa nikiula kama chakula. Mfuko wa sketi yangu ulikuwa mweupe kwa vumbi lake. Harufu yake ilikuwa ya mvua ya kwanza inapogonga ardhi kavu, na kila nilipoinusa mate yalinijaa.

Kabla ya kufunga shule tulicheza mechi ya kirafiki nyumbani. Wageni wetu walikuwa shule ndogo kuliko yetu, na tulikuwa na hakika ya kuwafunga. Kumbe asubuhi hiyo kapteni alikuwa ameingia ofisi ya michezo, akachota kiganja kizima cha vile vidonge vya machungwa, akatafuna vyote ili apate nguvu maradufu. Nguvu zilikwenda tumboni. Kota ya kwanza, yaani robo ya mchezo, haikuisha kabla hajaomba ruhusa ya kukimbilia chooni, na baada ya hapo alikuwa akifunga goli moja na kutoroka, akifunga na kutoroka, hadi mashabiki wakaanza kumpigia makofi kila aliporudi.

Mimi nilifika kota ya tatu. Nilirukia mpira wa juu, nikaudaka, na nilipotua nikaona vimulimuli mchana kweupe. Sauti zikaenda mbali. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chini, sketi imejaa jivu, na Madam ananipepea kwa daftari la mahudhurio.

"Ulikula?" akauliza.

"Nilikula, Madam."

"Na vidonge?"

"Kila siku."

Tulifungwa. Wale wageni walikuwa wamekunywa maji ya mtungi tu.

Nilifikiri Madam angenitoa kwenye timu. Badala yake, jioni hiyo alinitoa bwenini, akanisindikiza hadi nyumbani kwa miguu, nasi tulisimama mara nyingi njiani ili nipumzike. Mama alikuwa akichambua mboga nje.

"Mama, huyu mtoto si mvivu," Madam alimwambia baada ya salamu. "Ana kitu. Nimekuwa nikimpa vitamini kama wenzake, wao wanakimbia, yeye anazimika. Tafadhali mpeleke aonwe."

Mama alinitazama kama aliyeniona kwa mara ya kwanza baada ya safari. "Nilidhani ni kukua," akasema polepole. "Wanaokua huwa wanalala sana."

Likizo ilipoanza, tulikwenda kituo cha afya Ndhiwa. Tabibu alikuwa mwanaume wa makamo asiyependa kupoteza maneno. Alinivuta chini kope la jicho, akatazama, akavuta la pili. Akatazama kiganja changu, akakiweka kando ya chake. Changu kilikuwa cha rangi ya uji.

"Unakula udongo?" akauliza.

Nikatazama miguu yangu. Mama akanijibia.

"Odowa! Anakula odowa kama mwenye mimba!" Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. Akanigeukia, mikono kiunoni. "Wewe! Una mimba?"

"Mama!" nikapiga kelele.

"Ngoja kwanza tupime," tabibu akasema, bila hata kutabasamu.

Nikatoa nilichotakiwa kutoa katika vikopo viwili. Kisha akanichoma kidole, akadondosha damu yangu kwenye kipande cha karatasi nyeupe, akakiweka kando ya kadi yenye rangi nyekundu zilizopangwa kuanzia iliyokolea hadi iliyopauka. Alikisogeza kile kipande kutoka rangi hadi rangi, akishuka, akishuka. Mama alisimama nyuma yake akifuata kwa macho. Kilipotua karibu na mwisho, Mama akashika kifua.

"Hana mimba, mama," tabibu akasema. "Hana damu. Na kwenye choo chake kuna mayai ya minyoo ya safura. Wanaingilia miguuni, ukitembea pekupeku. Wanakaa tumboni wanamnyonya. Na damu ya mwezi, inamtoka nyingi?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikitamani sakafu inimeze.

"Basi. Anapoteza kuliko anachoingiza. Atameza dawa ya minyoo leo, kisha atakunywa chuma."

"Chuma?" Mama akauliza. "Kama jembe?"

"Kama jembe, lakini kidogo sana. Wekundu wa damu unatengenezwa kwa chuma."

Nilishindwa kunyamaza. "Lakini daktari, nakunywa vitamini kila siku! Mpaka mkojo umekuwa wa njano!"

Hapo ndipo alipocheka. "Vitamini ni nzuri. Sijasema ni mbaya. Lakini mboga ikikosa chumvi, ukiongeza sukari itakolea?"

"Hapana."

"Basi. Mwili wako umekosa chuma, wewe unaupa vitu vingine. Hata ukimeza mkebe mzima. Vile vya machungwa endelea navyo, kimoja tu, pamoja na chuma, kwa sababu vinakisaidia kuingia. Chai usinywe karibu na dawa, inakizuia. Na odowa uache, haikusaidii kitu, na huenda nayo inazuia." Akamgeukia Mama. "Uvifungie juu. Kwa mtoto mdogo vidonge hivi ni sumu, akimeza vingi anaweza kufa."

Mama alivifunga katika kitambaa, akakitia ndani ya sufuria, sufuria akaiweka juu ya kabati, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alikuwa wa umri wa kuonja kila kitu. Kila siku baada ya chakula alipanda kwenye kiti, akakiteremsha kimoja, akasimama mbele yangu hadi nikimeze. Ladha yake ilikuwa ya kulamba komeo la mlango. Tumbo lilinikaza, na nilipoona choo changu kimekuwa cheusi kama makaa nilikimbilia kwake nikilia kwamba ninaoza. Akanirudisha kwa tabibu siku hiyo hiyo. Tabibu hata hakuinuka kitini.

"Ni chuma kilichobaki. Rudini nyumbani."

Mama naye akaanzisha vita vyake. Omena, wale dagaa wa ziwani, kila siku. Osuga, ile mboga nyeusi chungu, kila siku. Jirani akichinja, Mama alikuwa wa kwanza kufika kuulizia maini. Nikisogelea birika la chai baada ya kula, sauti yake ilitoka popote alipokuwa, hata akiwa shambani: "Nyathina! Mwanangu! Nakuona!"

Kwa siku kadhaa sikuhisi chochote. Nilianza kufikiri kwamba chuma nacho ni kama vile vitamini, kwamba kwangu dawa zote hupita tu. Kisha tukaenda sokoni Ndhiwa, nikapita karibu na yule mama aliyekuwa akiuza odowa. Alikuwa amevipanga vipande vyake juu ya gunia kama kawaida. Akaniita, maana nilikuwa mteja wake. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Hakuna mate yaliyokuja. Vilikuwa mawe. Mawe tu, juu ya gunia! Nilimwamkia, nikaenda zangu, nikiwa na furaha ya ajabu ambayo sikujua niielezee nani.

Siku chache baadaye nilikwenda mtoni kuteka maji. Kutoka mtoni hadi kwetu kuna mlima mfupi mkali, na nusu yake kuna mwamba ambapo tangu Januari, kila nilipokuwa nyumbani, nilikuwa nikitua mtungi na kukaa hadi moyo utulie. Nilipanda nikiwaza mambo yangu. Nikafika uani, nikatua mtungi, nikanyoosha mgongo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwamba ule nimeupita. Nimeupita bila kuuona!

Nikageuka, nikateremka mbio hadi mtoni. Nikapanda tena mbio, mikono mitupu. Mama akatoka jikoni na mwiko.

"Umesahau nini?"

"Hakuna!"

Nikateremka tena. Niliporudi mara hiyo nilikuwa nikihema, ndiyo, lakini kuhema kwa mtu aliyekimbia, si kwa mtu anayezama. Nikamshika Mama mikono nikamzungusha, mwiko na yote, naye akawa anasema niache, niache, na machozi yanamtiririka.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, mazoezi ya kwanza yalinitosha kuwaambia wenzangu kila kitu. Kapteni alirusha mpira mbali makusudi ili anijaribu. Nikaufikia. Akarusha mbali zaidi. Nikaufikia. Madam alisahau filimbi mdomoni.

Jioni hiyo bwenini wasichana walinizunguka.

"Unakunywa nini?"

"Chuma."

"Tupe!"

"Nipe kimoja tu," kapteni akanibembeleza. "Mimi ni rafiki yako. Nipe kimoja nifunge kama mashine."

Vidonge vyangu alikuwa navyo mama mlezi wa bweni, chini ya kufuli, kwa agizo la Mama. Kwa hivyo walimwendea Madam. Madam, ambaye tukio la vile vidonge vya machungwa lilikuwa limemfunza kitu, alitupeleka timu nzima kwa yule tabibu. Kila mmoja alipewa dawa ya minyoo na kuchomwa kidole. Wachache walikutwa wamepungukiwa, wakapewa chuma kama mimi. Tone la kapteni lilikuwa jekundu kama ua la hibiskasi.

"Wewe una damu ya kutosha," tabibu alimwambia. "Hupati kitu."

"Hata kidogo? Ya kuongezea?"

"Gunia likijaa, unashindilia nini? Chuma kikizidi mwilini hakitoki kama ule mkojo wenu wa njano. Kinakaa, kinaharibu. Nenda ukacheze."

Alinuna njia nzima. Kisha akaanza kujigamba kwamba yeye ndiye mwenye damu nzuri kuliko wote shuleni, na hilo likawa bora kwake kuliko kidonge.

Tulishinda tarafa. Nasema hivyo kwa maneno mawili, lakini siku hiyo mwalimu mkuu alicheza densi. Na mwezi Julai tukapanda lori lililozoea kubeba mahindi, tukaenda Homa Bay.

Wengine kati yetu walikuwa hawajawahi kuliona ziwa kwa karibu. Lilipotokea, pana na la rangi ya bati, lori zima lilipiga yowe. Fainali tulipangwa na shule ya pwani ya ziwa, wasichana warefu, wenye viatu vya raba vinavyofanana. Sisi tulikuwa tumefunga matambara miguuni, kila mtu rangi yake, kwa sababu Madam alikuwa ameapa kwamba hakuna atakayekanyaga chini pekupeku tena.

Walitutangulia tangu mwanzo. Senta wao alikuwa mjanja, akinizuia kwa bega pale refa asipoona. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma kwa magoli manne. Madam alitupa vipande vya machungwa halisi, akasema jambo moja tu: "Wale wanachoka. Ninyi mnachoka?"

Nikajisikiliza. Moyo ulikuwa kifuani mwake, ukifanya kazi yake. Vidole vilikuwa vya moto.

"Hatuchoki!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Kota ya tatu nilianza kumuona senta wao akishika magoti kila filimbi ilipolia. Niliijua ile hali, niliijua sana, na sikumhurumia! Nilikimbia. Nilichukua mpira kwa walinzi wetu, nikautoa, nikakimbia mbele, nikaupokea tena, nikampa kapteni, naye akafunga. Tena. Tena. Watu wa soko walikuwa wamesogea kutazama, na mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alikuwa akikimbia kandokando ya mstari akifuata mpira, samaki wakimrukaruka. Tukasawazisha. Wakafunga. Tukasawazisha tena. Zikiwa zimebaki sekunde chache nilimrushia kapteni mpira wa juu kupita vichwa vya wote, akaudaka kwa ncha za vidole, akatulia kama mtu aliyeko nyumbani kwao, akaurusha. Ulizunguka juu ya pete, ukazunguka, ukaingia.

Sikumbuki filimbi. Nakumbuka nimebebwa. Nakumbuka Madam ameketi chini uwanjani na viatu vyake mkononi, akicheka na kulia.

Mashindano ya mkoa yalifanyika Migori, na huko, niseme ukweli, tulichapwa. Tulikutana na timu kutoka upande wa mpakani, na senta wao alikuwa msichana Mkuria, mfupi, ambaye sikumkamata hata mara moja tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuhema! Baada ya mechi nilimfuata penye bomba la maji. Ilibidi nijue.

"Dada, unakunywa dawa gani?"

Akanikazia macho. "Dawa? Kwani mimi mgonjwa?"

"Vitamini, chuma, chochote."

"Mimi nakula ugali na maziwa, na mboga. Na shule iko mbali, naenda mbio, narudi mbio." Akanywa maji, akafuta mdomo. "Na wewe?"

Nikamweleza yote, safura, odowa, choo cheusi, kadi ya rangi nyekundu. Alisikiliza kwa makini sana, akiuliza hapa na pale. Nilipomaliza akaniambia kwamba dada yake mkubwa hutafuna udongo na kusinzia mchana kutwa, na nyumbani wanamwita mvivu. Akaniuliza kama Migori wanapima.

"Wanapima," nikamwambia. "Mwambie aende hata kesho."

Akanifanya nirudie yote tangu mwanzo, dawa ya minyoo, machungwa, chai, ili asikosee atakapofika nyumbani. Kocha wake alimwita mara mbili. Bado alikuwa akiuliza.